Haba na Haba: Maisha ya Willie Keeler

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba ukubwa wa pua si wingi wa kamasi. Methali hii hutajwa mara nyingi kwa mzaha, na wengi wanaoitaja hawaamini maana yake. Katika ulimwengu wa michezo hasa, ambako misuli na kimo huenziwa, mtu mfupi aghalabu huhukumiwa kabla hajaingia uwanjani. Hutazamwa mara moja, hupimwa kwa macho, kisha hushauriwa atafute kazi nyingine. Miongoni mwa waliopimwa kwa macho namna hiyo ni William Henry Keeler, Mmarekani aliyecheza besiboli katika ligi kuu za nchi yake kuanzia mwaka wa 1892 hadi 1910. Kimo chake kilikuwa futi 5 na inchi 4 hivi, yaani takriban sentimita 163, na uzani wake ulikuwa ratili 140, ambazo hazifiki kilo 64. Kutokana na umbo hilo alipachikwa lakabu ya Wee Willie, yaani Willie Mdogo, na lakabu hiyo ilimwandama hadi kaburini.

Licha ya udogo huo, Keeler alistaafu akiwa amepata mapigo salama 2,932, idadi ambayo majitu mengi ya zama zake hayakuikaribia. Linalostahili kuzingatiwa katika maisha yake ni namna alivyoipata idadi hiyo. Hakuwahi kujaribu kushindana na wenye nguvu kwa nguvu. Aliutazama uwanja uleule uliotazamwa na wenzake, akaona jambo ambalo wengi hawakulitilia maanani: nafasi tupu zilizoachwa baina ya walinzi. Nafasi hizo ndizo zilizokuwa shamba lake kwa miaka kumi na tisa.

Kwa msomaji asiyeufahamu mchezo huu, yafaa uelezwe kwa muhtasari. Besiboli huchezwa na timu mbili zenye wachezaji tisa kila moja. Mrushaji husimama katikati ya uwanja na kumrushia mpigaji mpira kwa kasi kubwa. Mpigaji, aliyeshika gongo, hujaribu kuupiga mpira huo, kisha hutimua mbio kuelekea kituo cha kwanza. Vituo ni vinne, na mchezaji anayevizunguka vyote hadi kurejea alikoanzia huipatia timu yake alama moja. Wapinzani hutawanyika uwanjani ili waudake mpira ungali hewani au waufikishe kituoni kabla ya mkimbiaji. Mpigaji akiupiga mpira na kufika kituoni bila kutolewa, na bila walinzi kuboronga, huhesabiwa kwamba amepata pigo salama. Ubora wake hupimwa kwa kugawanya idadi ya mapigo salama kwa idadi ya fursa za kupiga alizopata. Anayefaulu mara tatu katika fursa kumi huhesabiwa kuwa hodari. Hii ina maana kwamba hata bingwa wa mchezo huu hushindwa mara nyingi kuliko anavyofaulu, na asiye na moyo wa kustahimili hawezi kudumu ndani yake.

Kuzaliwa na Malezi

Keeler alizaliwa tarehe 3 Machi, 1872, huko Brooklyn, mji ambao wakati huo ulikuwa ukijitawala na ambao uliunganishwa na jiji la New York mnamo 1898. Ukoo wake ulitoka Ayalandi na awali ulijulikana kwa jina la O'Kelleher. Babake alikuwa mfanyakazi wa reli za mitaani katika barabara ya DeKalb, ambako kazi yake ilikuwa kugeuza njia za magari yaliyopita hapo. Ilikuwa familia ya watu wa kipato cha chini, na mtoto wa familia kama hiyo alitarajiwa kuacha masomo mapema ili ajitafutie riziki.

Willie aliacha masomo mapema kweli, ila riziki yake aliitafutia uwanjani. Katika miaka ya 1880 viwanja vya wazi vya Brooklyn vilijaa vijana waliocheza besiboli tangu jua lichomoze hadi litue, naye alikuwa mmoja wao. Alijiunga na timu ndogo ndogo za Brooklyn na jimbo jirani la New Jersey zilizowalipa wachezaji ujira mdogo. Tangu hapo alikuwa na kasoro mbili machoni pa wajuzi wa mchezo. Ya kwanza ilikuwa kimo chake. Ya pili ni kwamba alitumia mkono wa kushoto, ilhali alipenda kulinda kituo cha tatu. Mlinzi wa kituo hicho akiwa wa mkono wa kushoto hulazimika kugeuza mwili mzima kabla ya kuurusha mpira upande wa pili, kwenye kituo cha kwanza. Katika ule muda wa kufumba na kufumbua anaoupoteza kwa kugeuka, mkimbiaji huwa amekwisha kufika. Kwa hivyo, Keeler alikuwa mtu mfupi aliyesimama mahali pasipomfaa.

Milango Iliyofungwa

Mwaka wa 1892 alichukuliwa na timu ya Binghamton katika jimbo la New York, iliyocheza katika ligi ya daraja la chini. Huko alipiga mpira kwa ufundi uliowashangaza watu, na kabla ya msimu kwisha timu ya New York Giants ilimtwaa. Tarehe 30 Septemba, 1892, akiwa na umri wa miaka 20, alicheza mchezo wake wa kwanza katika ligi kuu. Kwa kijana wa Brooklyn, hayo yalikuwa mafanikio ambayo mtaa mzima ungejivunia.

Furaha hiyo haikudumu. Mwaka uliofuata aliumia mguu baada ya michezo michache tu, na alipopata nafuu New York haikumhitaji tena. Alihamishiwa Brooklyn, timu ya mji wake wa kuzaliwa, lakini huko nako hakukaa. Baada ya michezo ishirini hivi alirudishwa Binghamton, kule kule alikokuwa ametoka. Hivyo basi, kufikia mwisho wa mwaka wa 1893, timu mbili za ligi kuu zilizokuwa karibu kabisa na nyumbani kwao zilikuwa zimemjaribu na kumwachilia. Mtu mwingine angeona kwamba ulimwengu umeshatoa hukumu yake.

Mnamo Januari 1894 kulifanyika mabadilishano ya wachezaji ambayo wakati huo hayakuonekana kuwa makubwa. Brooklyn ilimtoa Keeler pamoja na Dan Brouthers kwa timu ya Baltimore Orioles, nayo ikapewa Billy Shindle na George Treadway. Brouthers alikuwa pande la mtu lenye futi 6 na inchi 2, aliyekuwa ameongoza ligi kwa wastani wa mapigo mara tano. Aliyesoma habari hiyo angeweza kudhani kwamba Baltimore ilikuwa imemnunua Brouthers na kuongezewa Keeler kama nyongeza ya sokoni. Brouthers alikuwa na umri wa miaka 35 na siku zake zilikuwa zikiyoyoma. Nyongeza ndiyo iliyokuja kuwa bidhaa yenyewe.

Baltimore

Timu ya Baltimore haikuwa na sifa yoyote. Mwaka wa 1892 ilikuwa imeshika mkia katika ligi ya timu kumi na mbili, na mwaka wa 1893 ilikuwa ya nane. Meneja wake, Ned Hanlon, alikuwa mtu wa kufikiri. Jambo la kwanza alilolifanya kuhusu Keeler lilikuwa rahisi, na linashangaza kwamba hakuna aliyelifanya kabla yake: alimwondoa kwenye kituo cha tatu na kumpeleka kulinda upande wa kulia wa uwanja wa nyuma. Huko mkono wa kushoto haukuwa kasoro tena, na mbio zake zilipata nafasi ya kuonekana. Aidha, Hanlon hakumtaka abadilishe umbo lake wala apige mpira kama Brouthers. Alimtaka apige kama Keeler.

Kabla ya msimu wa 1894 kuanza, Hanlon aliwapeleka wachezaji wake Macon, katika jimbo la Georgia, kwa mazoezi. Walirudia mbinu moja moja hadi zikawa kama pumzi. Mojawapo ilikuwa ya mkimbiaji kuondoka kituoni wakati mrushaji anapourusha mpira, huku mpigaji akiwa amepatana naye kuupiga upande ule ambao mlinzi ameuacha wazi kwa kumfuata mkimbiaji. Nyingine ilikuwa kuupiga mpira kwa kuukandamiza chini kwa nguvu mbele ya miguu, ili uruke juu sana, na kabla haujashuka mikononi mwa mlinzi, mpigaji mwenye mbio awe amefika. Mbinu hiyo imebeba jina la Baltimore hadi leo. Msimu ulipofunguliwa, wapinzani wa kwanza walikuwa New York Giants, timu iliyokuwa imemwachilia Keeler. Walikung'utwa mfululizo na kuondoka wakinung'unika juu ya mtindo ambao hawakuwahi kuuona.

Katika mwaka huo wake wa kwanza Baltimore, Keeler alipata mapigo salama 219 kwa wastani wa 0.371. Timu iliyokuwa ya nane ikawa bingwa. Ilitwaa ubingwa tena mwaka wa 1895 na mwaka wa 1896. Keeler, John McGraw, Hughie Jennings na Joe Kelley wakawa nguzo nne za timu hiyo, na wote wanne hatimaye waliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa Besiboli. Haifai kuficha kwamba timu hiyo ilikuwa na vituko vyake. Wachezaji wake walisifika kwa hila, matusi na ugomvi, na kuna waliowashika wapinzani mishipi ili wasikimbie waamuzi wakiwa wamegeukia kwingine. Katikati ya ghasia hizo zote Keeler alijulikana kuwa mtu mpole na mchangamfu, aliyeuchukulia mchezo kama starehe aliyobahatika kulipwa kwayo.

Ufundi wa Mtu Mfupi

Gongo la Keeler lilikuwa mojawapo ya magongo mafupi zaidi kuwahi kutumika katika ligi kuu. Si hayo tu, alilishika juu ya mpini kiasi kwamba sehemu ya chini ilibaki bila kazi. Hakulizungusha kwa nguvu kama wenye mabavu walivyofanya; alilitumia kama mtu anayesukuma mlango. Kabla ya mpira kurushwa aliwatazama walinzi mmoja baada ya mwingine. Waliposogea karibu wakidhani kwamba ataugusa mpira kidogo tu, aliupenyeza juu ya vichwa vyao. Waliporudi nyuma, aliugusa kwa upole ukajikongoja ardhini huku yeye akikimbia. Walipoziba upande wa kulia, aliupeleka kushoto. Kila waliposhona mahali, palifumuka kwingine.

Sheria za wakati huo nazo zilimsaidia mwenye subira. Kabla ya 1901 katika Ligi ya Taifa, mipira mingi iliyopigwa ikatoka nje ya mstari haikuhesabiwa dhidi ya mpigaji. Keeler aliweza kuitoa nje mipira asiyoitaka, mmoja baada ya mwingine, mpaka mrushaji alipochoka na kumrushia anaoutaka. Takwimu za msimu wa 1899 zinaonyesha kwamba katika fursa 570 za kupiga, alitolewa kwa kukosa mpira mara mbili tu. Mwandishi mmoja wa habari alipomuuliza siri ya mafanikio yake, jibu lake lilikuwa fupi kama yeye mwenyewe: kwamba mpigaji ayaweke macho yake wazi, na mpira aupeleke pale pasipokuwa na mtu. Jibu hilo limekuwa maarufu kuliko takwimu zake zote, na vizazi vya wachezaji wa Marekani vimefunzwa kwalo.

Mwaka wa 1897

Ustadi wake ulifika kilele mwaka wa 1897. Tangu siku ya kwanza ya msimu, tarehe 22 Aprili, alipata angalau pigo moja salama katika kila mchezo aliocheza. Aprili ikaisha, Mei ikapita, na Juni ikafika katikati. Mfululizo huo ulifikia michezo 44 tarehe 18 Juni, na siku iliyofuata ulikatizwa na Frank Killen, mrushaji wa Pittsburgh. Mwisho wa msimu Keeler alikuwa na mapigo salama 239 na wastani wa 0.424, ambao umebaki miongoni mwa wastani za juu kabisa katika historia ya ligi kuu. Ubingwa wenyewe uliwaponyoka na kwenda Boston, lakini hakuna aliyeweza tena kudai kwamba Willie Mdogo alikuwa ameibuka kwa bahati.

Zama hizo kumbukumbu za mfululizo hazikufuatwa kwa makini, na wengi waliisahau ile michezo 44. Jina la Keeler lilifufuka mwaka wa 1941, Joe DiMaggio wa New York Yankees alipoanza mfululizo wake na waandishi wakalazimika kupekua vitabu ili wajue ni nani aliyepaswa kupitwa. DiMaggio aliifikisha rekodi kwenye michezo 56. Katika Ligi ya Taifa, Pete Rose aliifikia ile ya Keeler mwaka wa 1978, akakwama papo hapo kwenye 44.

Msimu wa 1898 unaonyesha tabia ya Keeler waziwazi zaidi. Alipata mapigo salama 216 na kuongoza ligi kwa wastani wa 0.385. Kati ya mapigo hayo 216, mapigo 206 yalikuwa ya kituo kimoja tu. Hayakuwa mapigo ya kuwainua watazamaji vitini. Kila moja lilimfikisha hatua ile ya kwanza, mita 27 na ushei, basi. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Rekodi hiyo ya mapigo ya kituo kimoja ilidumu kwa zaidi ya karne, hadi Mjapani Ichiro Suzuki alipoivunja mwaka wa 2004 kwa kupata 225. Katika maisha yake yote ya ligi kuu, Keeler alipata mapigo ya mzunguko kamili 33 pekee, idadi ambayo mpigaji mwenye nguvu wa siku hizi anaweza kuifikia katika msimu mmoja.

Kurejea Brooklyn

Mwaka wa 1899 wamiliki wa Baltimore na Brooklyn walishirikiana katika umiliki wa timu zote mbili, wakaamua kuwahamishia wachezaji bora Brooklyn, kulikokuwa na watazamaji wengi zaidi. Hanlon aliondoka pamoja na Keeler, Kelley na Jennings. Kwa wakazi wa Baltimore hilo lilikuwa pigo kubwa, na baada ya msimu huo timu yao ilifutwa kwenye ligi. Kwa Keeler ilikuwa kurudi nyumbani. Timu iliyokuwa imemwachilia mwaka wa 1893 ilimpokea sasa kama nyota. Brooklyn ilitwaa ubingwa mwaka wa 1899, na tena mwaka wa 1900. Mcheza kwao hutuzwa.

Kuanzia 1894 hadi 1901 Keeler alipata mapigo salama 200 au zaidi katika kila msimu, misimu minane mfululizo. Rekodi hiyo nayo ilisimama hadi mwaka wa 2009, ilipovunjwa na Ichiro Suzuki huyo huyo. Ni vyema kukumbuka kwamba misimu ya wakati wa Keeler ilikuwa mifupi kuliko ya sasa. Mwaka wa 1897, kwa mfano, alicheza michezo 129 tu, ilhali siku hizi msimu una michezo 162.

Mwaka wa 1903 alihamia New York Highlanders, timu ya Ligi ya Marekani ambayo baadaye iliitwa Yankees. Inasemekana kwamba mshahara wake ulifika dola 10,000 kwa mwaka, kiasi ambacho wachezaji wa wakati huo walikisikia tu kama hadithi. Mwaka wa 1904 timu hiyo iliupigania ubingwa hadi siku ya mwisho, ikaupoteza kwa mpira mmoja uliomponyoka mrushaji Jack Chesbro. Keeler mwenyewe hakuwahi kupata ubingwa mwingine. Aliendelea hata hivyo kupiga kwa wastani unaozidi 0.300 hadi mwaka wa 1906, na hivyo kutimiza misimu kumi na mitatu mfululizo ya kiwango hicho.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mwaka wa 1907 wastani wake uliporomoka hadi 0.234. Mtu aliyetegemea jicho na miguu alianza kusalitiwa na vyote viwili. Mwaka wa 1910 rafiki yake wa Baltimore, John McGraw, aliyekuwa sasa meneja wa New York Giants, alimchukua kwa michezo michache. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani: Keeler alimalizia safari yake ya ligi kuu kwenye timu ileile alikoianzia. Mwaka wa 1911 alicheza kidogo huko Toronto katika ligi ya daraja la chini, kisha akalitua gongo.

Jioni ya Maisha

Keeler hakuoa. Alibaki Brooklyn, miongoni mwa ndugu na marafiki wa utotoni, na mwaka wa 1914 aliwahi kuwa mkufunzi wa timu ya mji huo katika ligi mpya ya Shirikisho. Fedha alizokuwa ameweka akiba aliziwekeza katika ardhi na majengo, lakini baada ya Vita Vikuu vya Kwanza uwekezaji huo ulimwendea mrama. Afya nayo ilizorota. Moyo ulidhoofika na kifua kikamsumbua. Ilifika wakati ambapo watu wa besiboli walilazimika kumchangia fedha za kujikimu. Aliyekuwa miongoni mwa wachezaji waliolipwa vizuri zaidi nchini alikuwa sasa akiishi kwa hisani ya wenzake. Alifariki nyumbani kwake Brooklyn tarehe 1 Januari, 1923, siku ya Mwaka Mpya, akiwa na umri wa miaka 50. Alizikwa katika makaburi ya Calvary, mtaani Queens. Mwaka wa 1939, mwaka ambao Jumba la Mashujaa wa Besiboli lilifunguliwa rasmi huko Cooperstown, jina lake lilikuwa miongoni mwa yaliyochaguliwa.

Waliobisha Wasifunguliwe

Maisha ya Keeler husimuliwa sana kama ushahidi kwamba bidii hushinda kila kizuizi. Dai hilo lina ukweli, ila ukweli wake si kamili. Keeler alikataliwa mara mbili, lakini kila alipokataliwa palikuwa na mlango mwingine wa kubisha. Zama hizo hizo aliishi Frank Grant, Mmarekani mweusi aliyekuwa na kimo cha futi 5 na inchi 7 hivi, mfupi naye kwa vipimo vya mchezo huo. Kati ya 1886 na 1888 Grant alikuwa miongoni mwa wachezaji hodari kabisa wa timu ya Buffalo katika Ligi ya Kimataifa, ligi iliyokuwa chini kidogo tu ya ligi kuu. Mnamo Julai 1887 viongozi wa ligi hiyo waliamua kwamba wachezaji weusi wasipewe tena mikataba mipya. Moses Fleetwood Walker alikuwa amecheza katika ligi kuu mwaka wa 1884, lakini baada yake mlango ulifungwa kwa mapatano ambayo hayakuandikwa popote.

Grant hakupungukiwa na bidii wala ufundi. Alichezea timu za watu weusi kwa miaka mingi, na alifariki mwaka wa 1937 bila kuchezeshwa hata mara moja katika ligi kuu. Mlango huo ulikuja kufunguliwa tarehe 15 Aprili, 1947, Jackie Robinson alipoingia uwanjani akiwa amevaa sare ya Brooklyn, mji ule ule wa Keeler. Keeler aliingizwa katika Jumba la Mashujaa mwaka wa 1939. Grant alisubiri hadi mwaka wa 2006. Kimo ni kizuizi ambacho mtu anaweza kukizunguka kwa akili na subira. Ubaguzi ni kizuizi kinachojengwa na watu, na hauondoki mpaka watu wauondoe. Kuyatofautisha mawili hayo hakumpunguzii Keeler heshima yake. Kunampa heshima inayomstahili, bila kumvua Grant yake.

Hitimisho

Aliyoyaacha Keeler yanaweza kuhesabiwa: mapigo salama 2,932, vituo 495 alivyoviiba kwa mbio zake, wastani wa 0.341 katika maisha yake yote ya uchezaji. Rekodi zake kubwa zimevunjwa moja baada ya nyingine, kama ilivyo ada ya rekodi. Kinachobaki ni mfano wa kazi yake. Alipoambiwa kwamba ni mdogo, hakupoteza muda akibishana wala akitamani kimo ambacho Mola hakumjalia. Alijifunza kilichowezekana kwa mwili aliokuwa nao, akakirudia siku nenda siku rudi hadi hapakuwa na aliyekijua kuliko yeye. Alihitaji pia mtu mmoja, Hanlon, wa kumwondoa mahali pasipomfaa na kumweka panapomfaa. Jambo ambalo walimu, wakufunzi na viongozi wa vijana wangefanya vyema kulizingatia.

Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Kijana anayejiona hana nguvu walizo nazo wenzake anaweza kuanza pale Keeler alipoanza kila alipolishika gongo lake fupi: kuutazama uwanja kwa makini, kuona ni wapi pasipokuwa na mtu, na kutua hapo hatua moja kwa wakati mmoja. Kibaba hakijazwi kwa siku moja.